Nusu ya Wimbo wa Nne

Hapana, sikuwa nimesinzia. Nilikuwa kanisani, benchi la tatu upande wa wanawake, macho wazi, na nilisikia kila kitu tangu kwaya ilipomaliza mpaka tepu ilipokwisha.

“Na mimi nilikuwa wapi?” shangazi akaniuliza. “Si nilikuwa hapo hapo? Mbona mimi nilisikia marehemu akitaja mtu?”

“Ulisikia akitaja nani?”

“Akitaja mtu.”

“Mtu gani, shangazi? Mtaje.”

Akachukua ndizi nyingine, akaikata kichwa, akaanza kuimenya. Shangazi akikosa jibu alikuwa anamenya mbio mpaka unaogopea vidole vyake. Yeye ni dada ya baba, ndiye alitulea baada ya mama kufa, na alikuwa hapendi kubishiwa jikoni kwake. “Hii fomu ya nne imekuharibu,” akasema. “Umekuwa kama karani wa korti. Mtaje, mtaje. Watu wazima wameshajua.”

Ilikuwa jioni ya kuamkia baraza. Naibu wa chifu alikuwa ametangaza kwamba asubuhi tukutane wote uwanja wa soko, hapa kwetu Manga, aamue habari ya magokoro. Magokoro ni nyanya kwa lugha yetu. Huyu hakuwa nyanya yangu wa damu, alikuwa jirani tu, lakini kila mtu alimwita hivyo. Kwa wiki mbili watu walikuwa wamemfyekea migomba na kumtupia mawe kwa paa, na vijana walikuwa wanasema wazi njiani kwamba chifu akishaongea na wao wataongea, kwa kiberiti. Kosa lake, walisema, ni kwamba alimuua ndugu yangu kwa chakula. Na shahidi wao alikuwa ndugu yangu mwenyewe. Walisema alimtaja kwa sauti yake, ndani ya kanisa, miezi tisa baada ya sisi kumzika.

Nilikuwa na daftari. Ukurasa wa kushoto nilikuwa naandika nilichoona au kusikia mwenyewe, ukurasa wa kulia nilichoambiwa. Mwalimu wetu wa historia ndiye alitufundisha hivyo, na darasa lote liliacha baada ya wiki moja isipokuwa mimi. Kuhusu ndugu yangu na bendi yake, kulia kulikuwa kumejaa mpaka pembeni. Kushoto kulikuwa na mistari michache. Nitaanza na ya kulia ili niimalize, kwa maana inanichosha.

Ndugu yangu alikuwa ananizidi miaka minne. Walikuwa vijana wanne: yeye gitaa na kuimba, mmoja gitaa la pili, mmoja besi, na mpiga ngoma ambaye ni mjukuu wa huyo magokoro, alikulia kwake. Hawakutaka kupiga muziki wa harusi. Walitaka roki, ule wa sahani za santuri za ng'ambo, gitaa linalia kama linapasuka, nywele zimeachwa zikawa kichaka. Walipiga kwenye baa mbili tatu za Kisii mjini na watu wengine waliwapenda, wengine wakawatupia vifuniko vya soda. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Kwetu Sabato inaanza Ijumaa jua likizama, na ndugu yangu alikuwa anaondoka nyumbani Ijumaa jua likiwa bado juu, gitaa limefungwa blanketi kama mgonjwa, ili asionekane amelibeba ndani ya Sabato. Hiyo ndiyo heshima aliyokuwa amebaki nayo kwa baba, na baba aliijua, ingawa hakuwahi kuisema.

Alipokufa, maneno yakaanza. Niliambiwa kwamba bendi ilirekodi nyimbo kumi na mbili Nairobi, na mwenye studio akazifungia kwenye kabati. Niliambiwa sahani ilikuwa tayari ikazuiwa na wakubwa. Mtu mmoja aliyeuza viatu aliniapia kwamba alisikia wimbo mmoja kwenye redio ya Uganda, akaniimbia, na ulikuwa wimbo wa mtu mwingine kabisa.

Aliyeanzisha habari hizi namjua. Ni mpiga ngoma. Ndugu yangu akiwa bado mzima nilimkuta huyo kijana mjini akiwaeleza wasichana wawili habari za studio, vile ukuta wake umevikwa godoro. Nikamvuta pembeni.

“Nyinyi mmefika Nairobi lini?”

“Tutafika.”

“Sasa mbona unasema mmerekodi?”

“Nimetanguliza habari,” akasema. “Sisi tutaifuata.”

Nilicheka siku hiyo. Sikujua uongo wa raha unaweza kukaa hapo ukingoja kazi nyingine.

Sasa ya kushoto. Tepu ilikuwa moja. Haikurekodiwa Nairobi, ilirekodiwa Marani, Jumapili mchana, kwenye stoo nyuma ya mashine ya kusaga mahindi. Walichagua hapo kwa sababu mwenye mashine alikuwa na betri za gari, na alikubali kuzima injini yake kwa muda wa saa mbili. Tepurekoda, ile ya magurudumu mawili, ilikuwa ya mwalimu wa kwaya wa kanisa letu. Aliwaazima kwa siri na akawaambia wakitaja jina lake atakana. Mimi nilikuwepo. Dirisha la stoo halikuwa na kioo, kwa hiyo ndugu yangu alinipa lile blanketi la gitaa nilishike kwa nje, kelele za soko zisiingie.

“Utakaa huko nje,” akaniambia. “Usiingie.”

“Nje nitasikia tu.”

“Basi ziba masikio.”

“Na blanketi nitashika na nini?”

Mpiga ngoma akacheka huko ndani. “Mwache msichana. Sauti yako ni ya kuzibiwa masikio kabla hata haujasema neno.”

Aliniweka nje kwa sababu ya chinsoni. Mtu wa kwetu haelezwi chinsoni, anakua nayo. Lakini kwa asiyejua ni hivi: mzazi na mtoto hawasikii pamoja maneno ya kitandani. Baba haingii nyumba ya kijana wake aliyekua. Mambo ya mwili hayasemwi mbele ya mtu wa kizazi cha juu yako au cha chini yako, na yakisemwa kwa bahati mbaya unaondoka, unaficha uso, hauangalii mtu. Kaka na dada wanajihadhari pia, ingawa si kwa ukali huo. Nyanya na mjukuu ndio hawana shida, wao wanataniana watakavyo.

Nilishika blanketi mpaka mikono ikafa ganzi. Walirekodi nyimbo tatu zikaisha vizuri. Wa nne ulikuwa wa Kiswahili, na ndio huo hakutaka niusikie. Kijana amenyeshewa, amekwenda kwa msichana, anamwomba afungue leso amfunike nayo mpaka jogoo awike, na baada ya hapo yanakuja mengine. Nilikuwa nje na masikio yangu yalikuwa ndani. Alikuwa katikati ya ubeti wa pili pale mwenye mashine alipochoka kungoja, wanawake wenye mahindi wamemzunguka wanamtukana, akawasha injini. Ikanguruma. Ndugu yangu akakohoa, akacheka, akasema, “Shenzi, amewasha,” na tepu ikazimwa.

Jioni hiyo niliandika maneno ya ule wimbo kwenye daftari, yote, kwa herufi ndogo. Sijui kwa nini. Nafikiri nilikuwa naona fahari kwamba nimeiba kitu.

Miezi miwili baadaye, siku ya Alhamisi, ndugu yangu alirudi kutoka mjini ameshika tumbo. Hakuweza kupanda mlima mpaka kwetu. Akaketi kwa magokoro, ambaye nyumba yake iko chini njiani. Magokoro alimpa uji wa wimbi na akautapika. Akamlaza, akatuma mtu atuite. Mimi na baba tulishuka tukamchukua, tukamtembeza tumemshika makwapa.

Baba akamwangalia pale kitandani. Kijana alikuwa anatoka jasho na harufu ya baa ilikuwa bado kwenye shati.

“Ni pombe,” baba akasema. “Mwacheni. Imtoke.”

Hakuwa amekunywa. Niliuliza na akaniambia hakuwa amekunywa, na mimi nilimwamini kwa sababu hakuwa na nguvu ya kudanganya. Nilimwambia baba. Baba akasema mlevi haulizwi. Ijumaa ikapita. Sabato ikapita, baba amekwenda kanisani na kurudi. Jumapili asubuhi tumbo lilikuwa gumu kama ubao na macho yamezama, na hapo ndipo baba alikimbia kutafuta watu wa machela. Daktari wa mjini alisema ni kidole tumbo, kimepasuka, na uchafu umeenea. Akamwuliza baba kwa Kiswahili, polepole, kama anayeuliza mtoto, “Mlikuwa mnangoja nini? Angekuja siku mbili mapema.” Mimi nilikuwa nimesimama hapo na sufuria ya uji. Baba alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Jumatatu ndugu yangu akafa.

Njiani kurudi, watu walipomwuliza, baba alisema neno moja tu: tumbo. Na kwetu kijana akifa kwa tumbo, swali linalofuata ni moja. Alikula wapi?

Kwa hiyo ile habari ya uji ilikuwa tayari inatembea, chini chini. Lakini haikuwa na meno. Tepu ndiyo iliipa meno.

Baada ya mazishi, wakati wa kugawa vitu vya marehemu, viatu vilikwenda kwa binamu na gitaa kwa yule wa besi. Tepu hakuna aliyeitaka. Baba hakutaka kuitupa, maana ilikuwa kitu kizima, na hakutaka ikae nyumbani. Akampelekea mwalimu wa kwaya. Nilikwenda naye.

“Imbeni nyimbo za Mungu juu yake,” baba akamwambia. “Zitaifuta.”

Aliisema kama mtu anayepeleka nguo kuoshwa. Na kweli tepu inafutika ukirekodi juu yake, mwalimu alijua hivyo, akaipokea bila kusema kwamba ile mashine iliyoirekodi Marani ilikuwa yake. Kwaya ikaimba. Ila nyimbo zao zilikuwa fupi kuliko tepu, na hakuna mtu aliyeiendesha mpaka mwisho kuangalia.

Ikafika Sabato moja, mchana, baada ya ibada. Kulikuwa na wageni na mwalimu alitaka kuwaonyesha. Akaweka mashine kwenye meza ya mbele. Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Kwaya walikuwa wanajisikia kwa mara ya kwanza, wanapigana viwiko. “Huyo ni mimi!” “Huyo si wewe, huyo ni mbuzi!” Wimbo wa mwisho ukaisha, watu wakasema amina, wengine wakaanza kusimama. Mwalimu alikuwa anapeana mikono na wageni. Mashine ilikuwa bado inazunguka, inatoa ule mlio wa mvua ndogo.

Kisha gitaa. Kisha yeye.

Sitaandika nilivyosikia ndani yangu. Nilishika ukingo wa benchi. Mwanamke wa nyuma yangu alipiga yowe na mtoto wake akaanza kulia. Mwalimu akaruka kwenye mashine, akazungusha kitufe akidhani anazima na sauti ikapanda. Ndugu yangu, aliyekuwa amelala kaburini nyuma ya nyumba yetu, alikuwa anamwomba mtu afungue leso, na kanisa zima linamsikia.

Baba alikuwa mbele na wazee. Alisimama, akaweka kofia usoni, akatembea katikati kuelekea mlangoni. Alipofika kwenye benchi letu akakuta njia yake ni nyembamba. Upande huu nimekaa mimi, binti yake. Mwisho wa benchi amekaa magokoro, ambaye kwake ni kama mama. Baba akageuza uso kabisa ukutani, akapita kimgongomgongo, kama mtu anayepita kwenye moto. Mashine ya kusaga ikanguruma kwenye tepu, ndugu yangu akakohoa, akacheka, akasema shenzi, na mkia wa tepu ukaanza kupiga meza tap, tap, tap.

Jua lilikuwa halijazama na habari ilikuwa imefika chini mtoni. Walisema baba amemkimbia magokoro. Walisema marehemu alimtaja, na baba alipopita akamtambua, akashindwa kumwangalia. Kule kunguruma ni kwa chui wake wa uchawi anayemtuma. Kicheko hakuna aliyekieleza. Wengi mle kanisani Kiswahili ni cha sokoni tu, cha bei na salamu, na kikiimbwa mbio juu ya gitaa hawashiki kitu. Kila mmoja aliweka maneno aliyokuwa nayo tayari. Na waliojua Kiswahili vizuri, kina mwalimu na makarani, walielewa kila neno, na ndiyo sababu walinyamaza. Nani angerudia maneno yale mbele ya mama yake?

Baba alirudi kwa mwalimu Jumapili, akachukua tepu, akaichoma nyuma ya choo. Harufu yake ilikaa kwenye nguo zilizoanikwa. Hapo watu wakasema, unaona, anaficha. Na wengine wakasema haidhuru, ipo nyingine Nairobi, ile ya nyimbo kumi na mbili, na humo marehemu ameeleza kila kitu. Ule uongo wa mpiga ngoma ulikuwa umepata kazi. Yeye mwenyewe alikimbilia Kericho kwenye mashamba ya majani chai siku ya mawe ya kwanza, akamwacha nyanya yake na kuku.

Asubuhi ya siku hiyo ya kuamkia baraza nilikwenda kwa baba. Alikuwa anaanika pareto kwenye mkeka, anatandaza maua kwa kiganja.

“Tata, kesho watakuuliza uliondoka kwa nini.”

“Wataniuliza.”

“Utasema nini?”

“Nitasema niliondoka.”

“Si useme tu ni chinsoni? Watu wataelewa.”

“Wataniuliza ni maneno gani.” Hakuinua kichwa. “Wewe ulikuwa hapo. Unataka niyatamke mimi? Mbele ya mama za watu? Mbele yako?”

“Watachoma mtu, tata.”

“Kwani mimi ndiye nitawasha?”

Nilipaswa kunyamaza. Nikasema, “Na daktari? Alisema siku mbili. Hata hiyo hautasema?”

Mkono wake ukasimama juu ya maua. Aliniangalia kwa uso ambao sikuwa nimewahi kuuona. “Nani alikutuma uhesabu siku?” akasema. Kisha akarudi kwenye pareto.

Pale ndipo nilielewa kitu ambacho nilikuwa nakizunguka kwenye daftari wiki mbili. Baba hakumchukia magokoro. Hakuwahi kusema hata mara moja kwamba alimuua. Lakini kama magokoro ndiye aliua, basi zile siku hazikuua. Aibu ya wimbo ilikuwa ya kweli, ilimshika kweli, na nyuma yake kulikuwa na aibu nyingine imejificha, na hiyo ya pili ilikuwa inaomba hiyo ya kwanza isimwachilie.

Nikashuka kwa magokoro. Alikuwa ameketi mlangoni, migomba iliyokatwa imelala uwanjani, hakuna aliyemsaidia kuiondoa. Alikuwa amefunga vitu vyake kwenye shuka, na hakuwa anakwenda popote.

“Umekuja kuniangalia kabla sijaiva?” akaniuliza.

“Magokoro, usiseme hivyo.”

“Nisemeje? Kaa. Hakuna anayekaa hapa siku hizi isipokuwa inzi.” Akanisogezea kigoda. “Wewe umesoma. Niambie yule mtoto aliimba nini. Nimeuliza watu wanakimbia. Mimi Kiswahili najua ‘habari’ na ‘chumvi’.”

Nikamwambia. Kwa nyanya inawezekana. Nilianza nikiwa nimeangalia chini, nikamgeuzia maneno kwa Ekegusii, lugha yetu, mstari kwa mstari, mvua, leso, jogoo, na ule ubeti wa pili mpaka pale injini ilipowaka. Alikuwa ameinamisha sikio. Nilipomaliza mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, hana sauti, machozi yanashuka, ameshika goti langu.

“Leso tu?” akasema. “Mimi nachomwa kwa sababu ya leso?”

“Ndiyo, magokoro.”

“Na haikuwa hata leso yangu!” Akacheka tena, mpaka akakohoa. Kisha akajifuta, na kicheko kikamtoka usoni chote. “Kwa hiyo baba yako aliondoka kwa adabu.”

“Ndiyo.”

“Alifanya vizuri. Mtu mwenye adabu angefanya hivyo.” Akaangalia paa lake, mahali mawe yalipotoboa. “Adabu yake itanichoma.”

“Kesho wewe waambie.”

“Mimi? Mchawi akisema si mchawi, nani anaandika?”

Nilikaa naye mpaka kuku wakaanza kurudi. Nilipoinuka aliniambia nimpelekee chumvi nikipata nafasi. Hakuniomba kitu kingine. Ningefurahi kama angeniomba.

Ndiyo hiyo habari niliingia nayo jikoni kwa shangazi, na ndiyo sababu tulikuwa tunabishana kuhusu kusinzia. Nilimweleza yote: Marani, injini, blanketi. Sikumwambia maneno yenyewe. Nilisema ni wimbo wa kijana na msichana. Aliendelea kumenya. Ndizi zilikuwa zimetosha watu kumi na sisi tulikuwa watatu.

“Tuseme ni hivyo,” akasema mwishoni. “Tuseme. Utafanya nini? Tepu imechomwa.”

“Nina daftari.”

“Daftari ni karatasi. Mtu anaweza kuandika chochote.”

“Nitasema kwa mdomo.”

Kisu kikasimama. “Utasema maneno hayo? Baba yako akiwa amekaa?”

“Ndiyo.”

“Mtoto wa kike?” Sasa hakuwa ananitania. Aliweka kisu chini, akapunguza sauti, maana baba alikuwa nyumba kubwa akisoma kitabu chake na dirisha lilikuwa wazi. “Sikiliza. Ukifanya hivyo hamtakula pamoja tena. Hataingia mahali ulipo. Utaolewa bila yeye. Akifa hautajua usimame wapi. Unajua hivyo?”

“Najua.”

“Na kwa nini? Kwa ajili ya mwanamke mzee ambaye amebakiza masika mawili?”

“Kwani yeye ndiye alingoja mpaka Jumapili?”

Shangazi hakunipiga. Nilikuwa nimejitayarisha anipige. Alichota maji, akaosha zile ndizi moja moja, akazipanga kwenye sufuria, akafunika kwa majani. Mgongo ukiwa kwangu akasema, “Mimi pia nilikuwa hapo hizo siku. Mimi ndiye nilikuwa nabadilisha shuka.”

Tulipeleka chakula kwa baba. Alikula akiangalia taa. Nilimnawisha mikono, na nilimwaga maji polepole kuliko kawaida, kwa sababu nilijua huenda ni mara ya mwisho ananyoosha mikono yake kwangu. Alisema, “Asante, mwana.”

Nikaenda kitandani na daftari. Niliusoma ule ukurasa mpaka sikuhitaji kuuangalia. Kisha nikaamua, na nikaandika upande wa kushoto, ingawa kilikuwa kitu ambacho bado sijakiona: nitaondoka kabla baba hajaamka, asije akanikataza nikatii. Nitapitia kwa magokoro nimpe chumvi yake, nitembee naye mpaka uwanjani nikiwa nimemshika mkono, upande wa bonde ambako vijana wanasimama. Naibu wa chifu atakapomwita baba, nitasimama mimi kabla baba hajafungua mdomo. Nitasema kwanza siku ambazo ndugu yangu alilala kitandani, Alhamisi, Ijumaa, Sabato. Halafu nitauimba ule wimbo kwa Ekegusii, watu wote waelewe, kuanzia kwenye leso mpaka mahali injini ilipowaka, na nitauimba nikiwa nimemwangalia baba.